Mfuko Unaorudisha Mikono

Fremu ya kutembelea ya aluminiamu, ile anayopewa wodini mgonjwa aliyevunjika nyonga au mzee aliyeanza kuyumba, ina uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu hivi. Viazi vya kilo tatu vikitiwa mfukoni na mfuko ukaning'inizwa kwenye bomba la mbele la fremu hiyo, mzigo unakuwa umelingana na chombo kinachoubeba. Mzee akiinua fremu apige hatua, upande wa mbele unashuka kwanza na miguu ya nyuma inaelea hewani. Yeye aliyepewa fremu ili aiegemee, sasa ndiye anayeishikilia isianguke.

Hayo hutokea kila siku sokoni, majumbani na kwenye korido za hospitali, na wala si kwa uzembe. Fremu hiyo, woka kama wauguzi wengi wanavyoiita, inadai mikono yote miwili. Aliyeishika hana mkono wa kubebea simu, funguo, miwani, daftari la kliniki wala dawa za saa nane mchana. Anayetumia kiti mwendo naye, kama anajisukuma mwenyewe, mikono yake imeshughulika na pete za magurudumu. Chombo kilichomrudishia mtu mwendo kimemchukulia mikono yake. Ndiyo sababu kifuko kinachofungwa kwenye fremu au kiti, kitu ambacho wengi hukiona pambo tu, kinastahili kufikiriwa kwa umakini uleule unaopewa breki na magurudumu.

Waliobuni vyombo hivi walikuwa na haraka ya jambo jingine. Herbert Everest, mhandisi wa migodi wa Marekani aliyepooza baada ya ajali ya mgodini mwaka 1918, alitaka kiti atakachoweza kukikunja na kukipakia kwenye gari. Yeye na mwenzake Harry Jennings wakatengeneza mwaka 1933 kiti cha mabomba ya chuma chenye fito mbili zinazopishana chini ya kikalio, na umbo hilo ndilo linaloonekana mpaka leo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. William Cribbes Robb wa Stretford, Uingereza, aliomba hataza ya chombo chake cha kutembelea mwaka 1949. Mwaka 1978 Aina Wifalk wa Sweden, aliyeugua polio akiwa na miaka 21, akabuni rolata, yaani fremu yenye magurudumu. Rolata nyingi za leo huuzwa zikiwa na kikapu au mfuko wake. Fremu ya kawaida na kiti cha kukunja, ambavyo ndivyo vinavyowafikia watu wengi zaidi katika nchi zetu, kwa kawaida huja vitupu, na mwenyewe huachiwa ajitafutie pa kuweka vitu vyake.

Naye hujitafutia. Hufunga mfuko kwa kamba, hutundika begi la shule la mjukuu mgongoni mwa kiti, huchomeka simu chini ya paja, hushika chupa ya maji kwa meno. Kila mojawapo ya mbinu hizo ina hatari yake, na hatari zenyewe hazifanani.

Tuanze na fremu, kwa sababu watumiaji wake wengi ni wazee, na kuanguka uzeeni si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na kundi linaloumia zaidi ni la wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Watafiti wa Marekani waliochambua rekodi za vyumba vya dharura za mwaka 2001 hadi 2006 walikuta kwamba wazee zaidi ya 47,000 walitibiwa kila mwaka baada ya kuanguka kulikohusiana na fremu au fimbo ya kutembelea, na karibu 9 kati ya 10 walikuwa watumiaji wa fremu. Mtu huanguka na fremu yake kwa sababu nyingi: mkeka uliojikunja, sakafu yenye maji, fremu isiyolingana na kimo, mpira wa mguu wa fremu uliokwisha. Mzigo uliokaa vibaya ni mojawapo, na huo unaweza kuondolewa kwa sindano na uzi.

Mahali salama pa mzigo kwenye fremu ni ndani ya eneo la miguu yake minne. Mfuko ukifungwa kwenye bomba la mbele, tumbo lake likatazama upande wa anayetembea, uzito unaangukia pale ambapo fremu imejisimamisha. Ukining'inia upande wa nje, uzito huohuo unaivuta fremu mbele. Ila mfuko wa ndani nao una kikwazo chake, nacho ni magoti. Ukiwa mnene, utagongana nayo kila hatua, na mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga hahitaji kitu cha kumgonga goti. Kwa hiyo unashonwa bapa: upana wa sentimita 30 hadi 35, kimo cha sentimita 25 hivi, na unene usiozidi kiganja kilichosimamishwa. Njia nyingine ni vifuko viwili vidogo, kimoja kila ubavu, vyenye mizigo inayokaribiana. Kikijaa cha kulia tupu kikawa cha kushoto, fremu itaanza kupinda njia na mwenyewe hatajua kwa nini.

Mshipi wa juu peke yake hautoshi. Mfuko ulioshikwa juu tu hubembea kila fremu inapoinuliwa, na mbembeo huo huvuta mkono wakati ambapo mkono unatakiwa utulie. Panahitajika mishipi miwili juu na angalau miwili ya pembeni, yote ikiwa imekaza. Ncha za mishipi zikatwe au zishonewe ndani, maana utepe mrefu unaoburuzika ni mtego wa miguu. Vishikio vya mkono viachwe wazi kabisa. Kitambaa kikipanda juu ya mpira wa kishikio, kiganja kinateleza. Vitufe vya kukunjia, ambavyo kwenye fremu nyingi viko karibu na bomba la mbele, navyo visifunikwe. Mdomo wa mfuko uwe mahali ambapo mkono unafika bila kiuno kuinama, kwa sababu mzee anayeinama mbele kutafuta miwani chini ya mfuko ameuacha msimamo ambao fremu ilikusudiwa kumpa.

Na kiasi cha mzigo? Kwa fremu isiyo na magurudumu, vitu vidogo vya siku: simu, miwani, kitambaa cha mkono, dawa, pochi, kitabu cha dini. Viazi na unga visibebwe humo. Rolata inavumilia zaidi, kwa kuwa haiinuliwi na kikapu chake kiko chini. Hata hivyo, watengenezaji wengi huandika kikomo cha kilo 5 kwenye kikapu hicho, na maandishi hayo yaheshimiwe.

Simu inahitaji neno la peke yake. Familia nyingi hufurahi mama akipata mfuko wenye kijifuko cha simu, halafu zinalala usingizi zikijua mama anaweza kupiga wakati wowote. Lakini mama akianguka, fremu humtoka mikononi. Inaweza kulala mita mbili kutoka alipo, simu ikiwa ndani yake, inalia. Simu ya dharura ikae mwilini: kwenye kifuko cha shingoni, kwenye mfuko wa dera wenye kifungo, au kiunoni. Fremu ibebe vile vitu ambavyo mtu anaweza kuvikosa kwa saa moja bila kudhurika.

Chai nayo haiwezi kubebwa mfukoni ikiwa kwenye kikombe cha wazi. Ziko trei za plastiki zinazowekwa juu ya fremu, zenye matundu ya kukalisha kikombe, lakini hizo hufaa sakafu ya vigae iliyonyooka na huleta balaa penye kizingiti. Jawabu la nyumba nyingi ni chupa ya chai ndogo yenye kifuniko cha kukaza, iliyosimamishwa ndani ya kijifuko chake, na kikombe kikisubiri mezani kule anakokwenda.

Kwenye kiti mwendo mambo hubadilika. Hapa kosa kubwa ni lile linaloonekana la kawaida kuliko yote: begi la mgongoni kutundikwa kwenye vishikio vya kusukumia. Kila mtu amewahi kuliona. Begi linakaa nyuma ya ekseli ya magurudumu makubwa, nako nyuma ya ekseli ndiko kiti kinakopindukia.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kiti cha kilo 15 ambacho kitovu cha uzito wake kiko sentimita 12 mbele ya ekseli. Nguvu inayokishikilia chini upande wa mbele ni 15 mara 12, yaani 180. Sasa tundika begi lenye unga kilo 5, mchele kilo 3 na sukari kilo 2, likining'inia sentimita 20 nyuma ya ekseli. Hiyo ni 10 mara 20, yaani 200. Mtu akiwa amekaa, mwili wake unakiokoa kiti, kwa kuwa uzito wake ni mkubwa na uko mbele. Lakini pale anapohamia kitandani, au anapoinuliwa aingie kwenye daladala, 200 inaishinda 180 na kiti kinapinduka chali. Mara nyingi hupinduka wakati bado ameshika egemeo la mkono kwa ajili ya kujihamisha. Wauguzi na ndugu wanaosaidia wanapaswa kulijua jambo hili kama wanavyojua kufunga breki: begi la nyuma liondolewe kwanza, mtu ndiye afuate.

Kwenye mlima hata mtu aliyekaa hana usalama huo. Kiti kinapopanda mteremko, mzigo wote, mtu na begi, unasogea kuelekea nyuma ya ekseli, na kwenye vijia vya Mwanza au mitaa ya Kigali si lazima mteremko uwe mkali sana ili magurudumu madogo ya mbele yaanze kuinuka. Baadhi ya viti vina vyuma viwili vifupi nyuma vya kuzuia kupinduka, ila kwenye njia yenye mawe vyuma hivyo hukwama, na watumiaji wengi huving'oa. Isitoshe, begi la mgongoni liko mahali ambapo mwenyewe halioni wala halifikii. Anayetaka pochi lake ni lazima amwombe mtu. Na mwizi wa sokoni hahitaji hata kuomba.

Mahali bora ni chini ya kikalio na ubavuni. Kifuko kinachoning'inia chini ya ukingo wa mbele wa kiti, kati ya miguu, kina faida tatu kwa mpigo: uzito uko chini, uko mbele ya ekseli, na zipu iko mbele ya macho ya mwenye nayo. Kwenye kiti cha kukunja, fundi akumbuke zile fito mbili zinazopishana. Kitambaa kikivutwa kikakaza kutoka bomba la kushoto hadi la kulia, kiti kitakataa kukunjika, au kitakunjika kichane kitambaa. Kifuko kiachwe kilegee katikati, au kiwe chembamba kiasi cha kukunjika pamoja na kikalio. Kisishuke hata kugusa magurudumu madogo ya mbele, ambayo huzunguka kila upande kiti kinapogeuka, na kiwe juu ya usawa wa matope ya masika.

Kifuko cha ubavuni hufungwa upande wa ndani wa egemeo la mkono. Kikifungwa nje huingia kwenye spoku, na hapo kitakachokatika ni kitambaa au mwendo. Tena kifungwe upande wa mkono wenye nguvu. Aliyepata kiharusi na mkono wake wa kushoto ukawa mzito hana faida ya mfuko ulioshonwa kushoto kwa sababu fundi aliona unapendeza huko. Kwa mtu wa namna hiyo zipu itiwe pete kubwa ambayo kidole kimoja kinatosha kuivuta. Watu wenye baridi yabisi vidoleni nao watashukuru kwa pete hiyohiyo. Velkro, ule utepe wa kunata uliobuniwa na Mswisi George de Mestral, hufunguka kwa mkono mmoja bila shida, ingawa hujaa nyuzi na vumbi ikaacha kushika. Inafaa kwa kijifuko cha miwani, haifai kuwa ndiyo inayoshikilia mzigo wote.

Mapaja ni mahali pengine watu wanapopakia mizigo, na hapa ndipo penye hatari isiyoonekana. Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hana hisia kuanzia kiunoni au kifuani kwenda chini. Sufuria ya uji iliyotoka jikoni ikiwekwa mapajani mwake inaweza kumbabua ngozi yeye akiwa anaendelea na mazungumzo. Simu iliyochomekwa chini ya paja, funguo zilizobaki kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, hata sarafu moja, hukandamiza ngozi na mfupa saa baada ya saa mpaka damu ikakoma kupita hapo. Ngozi hufa. Kidonda cha mgandamizo huanza na wekundu ambao mwenyewe hauoni wala hausikii, kisha huchimba kuelekea mfupani, na katika mazingira ambayo matibabu yako mbali kidonda hicho huua. Wataalamu wa viti husisitiza mto wa kukalia kwa sababu hiyo. Lakini mto mzuri haufui dafu kama juu yake pamekaliwa funguo. Kifuko cha ubavuni kinachochukua simu na funguo ni kinga ya ngozi, na kitajwe hivyo wazi mbele ya mgonjwa na ndugu zake siku anapokabidhiwa kiti.

Mzigo wa mapajani unaobaki kuwa wa lazima ni mtoto. Mama anayetumia kiti mwendo humpakata mwanawe huku akijisukuma, na kwa sababu hiyo anahitaji zaidi kuliko wote kwamba nepi, maziwa na maji vipate mahali pengine.

Kuna vitu vingine vinavyobebwa ambavyo havitajwi dukani. Mfuko wa mkojo, kwa anayetumia mpira wa kutolea mkojo, lazima ukae chini kuliko kibofu, la sivyo mkojo utarudi ulikotoka na kuleta maambukizi. Ukiachwa uning'inie wazi ubavuni mwa kiti, kila anayepita anauona. Kifuko cha kitambaa kisichopenya mwanga, chenye tundu la mpira juu na mdomo wa chini wa kutolea, humruhusu mtu kukaa msikitini, kanisani, darasani au ofisini bila kuhesabu macho ya watu. Pedi za hedhi, nepi za watu wazima, glavu na sabuni navyo vinataka kijifuko chenye zipu na bitana ya nailoni inayofutika. Kijana anayeweza kubeba mahitaji yake ya siku nzima mwenyewe anakwenda shule; asiyeweza huishia kurudi nyumbani saa nne asubuhi.

Upande wa kuvitengeneza, Afrika Mashariki haina uhaba wa kitu. Rwanda iliondoa mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Mifuko hiyo, iitwayo rambo au juala, ilipotoweka, ilitoweka pamoja na kamba nyembamba zilizokuwa zikikata vidole na kujizungusha kwenye spoku. Vilivyobaki, viroba, vikapu na mikoba ya kitambaa, ni malighafi nzuri kwa fundi mwenye cherehani. Turubai jepesi hustahimili mvua. Jinzi kuukuu ya mitumba ni imara kuliko vitambaa vingi vipya vya bei yake, na mifuko yake ya nyuma ikikatwa na kushonewa tena inakuwa vijifuko tayari. Nchini Marekani, Kanada na Australia, vikundi vya kina mama wa makanisa na wapenda ushonaji wamekuwa wakishona mifuko ya fremu kwa jinzi na mabaki ya vitambaa na kuigawa hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Salfeti inafaa kwa kifuko cha chini ya kiti ikitiwa bitana ya kitenge, maana yenyewe hukwaruza. Sindano ya cherehani iwe namba 16 au 18, uzi uwe wa poliesta, na kila mshipi unaposhikana na mfuko pashonwe mraba wenye msalaba ndani yake, mara mbili. Hapo ndipo mfuko unapokatikia.

Kujua kubeba mizigo kwa magurudumu nako si kugeni huku. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, katika kivuko kinachoitwa Petite Barrière, watu wenye ulemavu wamejijengea biashara nzima juu ya baiskeli za matairi matatu zinazoendeshwa kwa mkono. Baiskeli hizo zimerefushwa na kuimarishwa kwa vyuma mpaka zinabeba magunia chini, nyuma na mbele ya mwendeshaji, na wasaidizi wanazisukuma kupita mpakani. Katika Mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, wafanyabiashara wenye ulemavu walijulikana kwa miongo mingi kwa kazi kama hiyo kwenye feri, wakisaidiwa na unafuu wa nauli na ushuru. Mipaka hiyo ilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, waliokuwa wakiishi kwa magurudumu hayo walikosa riziki ghafla. Yeyote anayedhani kwamba mtumiaji wa kiti ni wa kubebwa tu na hana cha kubeba, angepata jibu lake kwa kusimama asubuhi moja pale Goma. Mafundi wanaounda baiskeli hizo wanajua kwa mikono yao kanuni ileile: mzigo mzito uwe chini na kati ya magurudumu.

Ujuzi wa kushona nao upo, tena mikononi mwa wahusika wenyewe. Karakana za Bombolulu mjini Mombasa, zilizoanzishwa mwaka 1969 na zilizo chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, APDK, zimeajiri kwa miaka mingi mafundi wenye ulemavu wanaotengeneza mikoba, nguo na mapambo. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003, inafanya kazi ya namna hiyo kwa nguo, ufumaji na hata karatasi ya kinyesi cha tembo. APDK hiyohiyo hutengeneza viti mwendo. Mahali ambapo anayeshona begi la mtalii na anayeunda kiti wako chini ya paa moja, au wako umbali wa simu moja, mfuko wa kiti hauhitaji meli kutoka ng'ambo.

Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema kwamba watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Mbele ya upungufu huo, mtoa huduma anaweza kuona kuzungumzia kifuko ni kujidekeza. Lakini mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2008 kuhusu viti vya kusukuma kwa mkono ulipanga huduma katika hatua nane, kuanzia rufaa na tathmini hadi mafunzo ya mtumiaji na ufuatiliaji. Katika tathmini mtaalamu huuliza mtu anaishi wapi, anafanya kazi gani, anapita njia gani. Swali la kwamba anabeba nini kila siku, na atakibeba wapi, ni la papo hapo, halichukui dakika mbili, na jibu lake linaweza kubadilisha hata aina ya kiti anachopewa. Muuza maandazi na mwanafunzi wa chuo hawahitaji kifuko kimoja. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Hao ndio wanaoweza kulifanya swali hilo kuwa desturi, na fundi cherehani wa jirani na hospitali ndiye wa kulijibu.

Pambo lenyewe pia lisidharauliwe. Katika nyumba za wazee za Essex, Uingereza, wafanyakazi walianza kupamba fremu kwa rangi na vitambaa ili wazee, hasa wenye ugonjwa wa kusahau, waweze kuitambua kila mmoja ya kwake. Fremu kumi za kijivu zilizopangwa ukutani hazina tofauti, na mzee akichukua ya mwenzake aliyemzidi kimo anatembea na kifaa kisicho chake. Khanga aliyoizoea mama kwa miaka ishirini, ikishonwa kuwa uso wa mfuko, inamwambia ipi ni yake bila kusoma jina. Kwa wenye macho hafifu, mdomo wa mfuko utiwe upapi wa rangi inayopingana na mwili wake, mweupe juu ya buluu iliyokoza, ili mkono ujue pa kuingilia. Na kiti kinachotembea barabarani jioni kishonewe ukanda unaoakisi mwanga nyuma yake, kwa sababu dereva wa bodaboda hutazama mbele kwa usawa wa magari, na mtu aliyekaa yuko chini ya usawa huo.

Mfuko ukishakuwepo unahitaji utunzaji mdogo. Ushonwe wa kuvuliwa, ili ufuliwe. Chakula kilichomwagika na dawa iliyovunjika huvutia mende na panya. Mishipi ikaguliwe kila mara fremu inapokaguliwa mipira yake ya miguuni. Vitu vilivyokaa humo bila kuguswa vitolewe, maana mifuko ina tabia ya kujaa polepole, na uzito wa mwezi wa tatu si ule wa siku ya kwanza. Anayesafiri kwa ndege avue kifuko na mto wa kukalia kabla ya kukabidhi kiti mlangoni, aingie navyo ndani. Chochote kinachoweza kubanduka kwenye kiti kinaweza kupotea kwenye shehena.

Kwa fundi atakayeletewa kazi hii kwa mara ya kwanza, kipimo kisichukuliwe kwenye fremu tupu iliyoegeshwa ukutani. Mwenyewe asimame nayo, au akae kitini, na vitu vyake vya kila siku viwe mezani. Mfuko ufungwe kwa pini, ujazwe, kisha atembee nao hatua chache, ageuke, apite mlangoni, akunje kiti na kukikunjua, na mwishoni ajaribu kutoa simu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa umeshika. Pale atakapokwama ndipo panapotakiwa kufumuliwa, kabla cherehani haijaanza kazi.